Kompaila ya Ng'ambo

Nchelenge, 6 Machi 2024

Baba mudogo Hippolyte,

Nawasalimu, wewe na mama mudogo Fidélie. Ziwa limefunguliwa kwa uvuvi tangu tarehe mosi, Mama Cadette, mchuuzi wa samaki anayetubebea barua, ameanza tena kuvuka, na leo nimemkuta sokoni Kashikishi akigombana na mizani ya mtu. Alipoona bahasha yangu alisema, "We mwalimu, una simu nzuri hivyo na bado unaandika barua kama padri?" Nikamwambia baba yangu mdogo hasikii simu. Akacheka: "Ni kweli. Mi nikimsalimia pale Kilwa, ng'ambo ya ziwa, nasalimia na mikono, kama mutu anafukuza kuku."

Tangu nirudi kutoka kwenu Januari kuna jambo limenikaa kifuani. Nitaliandika wazi, kwa sababu kwa mdomo ningeshindwa. Wewe masikio yalikuacha, huu ni mwaka wa sita. Mama mudogo alikuwa anasemea ndani ya sikio lako la kushoto, au anakuandikia kwenye kibao. Kisha Novemba ugonjwa ukampiga upande mmoja, ukachukua ulimi wake na mkono wa kuume. Muuguzi alisema akili haikuguswa, anaelewa yote. Niliwatazama mezani siku nne. Watu wawili wenye akili timamu, ndoa ya miaka thelathini na moja, na hakuna sentensi hata moja inayoweza kutoka kwake ikakufikia. Nikirudi kwa mtumbwi sikutazama ziwa hata mara moja. Nilikuwa nafikiria hilo tu.

Unakumbuka nilimpa simu yangu aandike kwa kidole cha kushoto. Kidole kilitetemeka, kioo kikaandika herufi tano kwa mpigo, naye akaitupa simu kwenye beseni la vyombo. Sikumlaumu. Lakini nilipoinama kuitoa niliona, nyuma ya beseni, chini ya kitambaa, kompyuta ya marehemu Baba. Ile Spectrum aliyoinunua Lubumbashi kwa mwalimu aliyekuwa anarudi kwao, niliyojifunzia kuandika programu nikija kwenu likizo. Vibonye vyake ni vigumu. Vinataka ubonyeze kweli. Mkono unaotetemeka hauwezi kuvishtua.

Nataka kuiandikia programu. Herufi zitapita moja moja kwenye televisheni, kubwa, polepole. Ikifika anayoitaka, mama mudogo anagonga kibonye chochote, herufi inabaki. Kisha nyingine. Hivyo mpaka neno, mpaka sentensi.

Mashine ile ni ndogo mno kwa kuandikia programu hiyo ndani yake. Ila kuna njia: naandika programu hapa kwenye laptop yangu, na chombo kinachoitwa kompaila kinaitafsiri iwe lugha ya mashine yenu, si ya hii yangu. Mimi naiita kompaila ya ng'ambo, kwa sababu inafanya kazi upande huu kwa ajili ya upande ule. Mwishoni inatoka sauti, ile mikwaruzo ya kaseti za zamani, nami nitakutumia sauti hiyo kwenye kadi ya kumbukumbu.

Kwanza niambie mambo mawili. Mashine bado ni nzima? Na ni ile ile ya Baba, yenye kumbukumbu ya kilobaiti arobaini na nane? Kompaila haioni ng'ambo. Inaamini ninachoiambia. Na unipe orodha ya maneno arobaini ambayo mama mudogo anayahitaji zaidi, nimwekee tayari.

Ni mimi mtoto wako,
Régine


Kilwa, Kongo, 12 Machi 2024

Mutoto wangu Régine,

Barua imefika. Ilinuka chisense, ile dagaa ya ziwa, kidogo lakini maneno yote ilikuwa muzima. Nilimusomea mama yako mudogo kwa sauti. Batu banasema sauti yangu imekuwa kubwa sana tangu masikio ilikufwa, basi bon, jirani bote banajua mupango wako sasa.

Wakati nilifika pale unasema herufi zitapita moja moja, alipiga meza na mukono wa kushoto mara mbili. Sikusikia, lakini meza ilinigonga mu kiwiko. Meza njo telefone yetu: mara mbili ni ndiyo, mara moja ni hapana. Lakini maisha ya ndiyo na hapana peke ni kama kula chumvi bila samaki. Mi nauliza, yee anajibu. Kama sikuuliza kitu, ile kitu haiko. Na mi sina akili ya kuuliza yote.

Unauliza juu ya mashini. Mashini ni muzima. Ni ile ile ya yaya Kapembwa, mukubwa wangu, baba yako, arobaini na nane, hakuna kitu kimebadirika. Nilimuahidi yaya pa kitanda chake cha mwisho kama itabaki vile aliiacha, na mi ni mutu wa neno moja. Niliunganisha na batri ya solaire na televizyo ya zamani. Ekra, ile kioo yake, ni ya mweupe, muzuri.

Maneno yako arobaini iko mu karatasi ya pili. Nilianza na mayi, dawa, choo, baridi, joto, maumivu, kichwa, mugongo, kulala, asante, amina.

Baba yako mudogo,
Hippolyte


Nchelenge, 2 Aprili 2024

Baba mudogo,

Imekubali. Naandika neno hilo kwanza ili usome haya mengine bila wasiwasi.

Kompaila haikuwepo tayari kwa laptop kuukuu kama yangu. Ilibidi niipate kama mbegu na kuiotesha hapa hapa, maana yake nipakue maandishi yake yote na kuiacha laptop iijenge yenyewe. Kupakua kulichukua siku tatu, nikisimama karibu na dirisha la chumba cha walimu ambako mtandao unapita. Kujenga ndiko kulikonitoa jasho. Mara ya kwanza ilisimama kwa kukosa faili moja. Nikaitafuta. Mara ya pili ilisimama kwa kukosa nyingine. Mara ya tatu umeme ulikatika. Mistari ilikuwa inapita kwenye kioo saa nzima, na Boyd, anayefundisha kilimo, alikuja akainama juu ya bega langu: "Madam, haya maharagwe yako yanaiva lini?" Yaliiva siku ya Pasaka, baada ya ibada. Nilikaa nikitazama mstari wa mwisho usio na kosa, na nilishindwa kumwambia mtu yeyote, kwa sababu ningelazimika kueleza kuanzia Novemba.

Programu yenyewe nilikuwa nimekwisha kuiandika kwa siku nane, nikiisubiri kompaila. Ndani ya laptop nina kiigizaji, yaani mashine ya Baba ya kuigiza, yenye kumbukumbu arobaini na nane kamili. Humo inafanya kazi vizuri. Herufi ni kubwa kama kiganja. Nimeandika "Fidélie" kwa kugonga kibonye kimoja tu, macho yangu yakiwa kwenye kioo na mkono wa kuume nimeukalia ili nijue unavyohisi. Ilichukua dakika mbili.

Kadi iko ndani ya kipande hiki cha kitenge. Itie kwenye ile redio yako yenye tundu la kadi, unganisha waya kutoka redio mpaka tundu la mashine lililoandikwa EAR, agiza LOAD, kisha ucheze sauti. Huhitaji kusikia chochote. Pembezoni mwa ekra utaona kwanza michirizi myekundu na ya samawati, kisha ya buluu na njano. Ikiisha, programu itaanza yenyewe.

Nimesali, ingawa unajua mimi si mtu wa kusali kwa ajili ya mashine.

Régine


Kilwa, 9 Aprili 2024

Mutoto wangu,

Mara ya kwanza nilisahau kuzima spika ya redio. Mi sisikii, basi niliweka nguvu yote. Nilishitukia batu bamejaa mu mulango. Pasteur alikuwa mbele, na Biblia. Aliniandikia pa kibao: "Papa Hippolyte, ni nini inalia?" Nilimujibu: "Ni Régine, mutoto wa yaya." Hakufurahi. Jirani mumoja anasema mbuzi yake ilikata kamba.

Mara ya pili nilizima spika. Michirizi ilikuja vile ulisema, nyekundu, samawati, kiisha buluu na njano. Ilipita dakika nne. Nilikuwa nashika meza na mikono miwili.

Kiisha ekra ilijaa mistari ya kusimama, na ikakufwa. Nilizima, nikaanza tena. Ile ile. Mara saba, Régine. Haisemi kosa. Inakamata yote muzuri, inafika mwisho, inakufwa.

Sikutaka kukuambia hii, lakini nitakuambia. Mama Cadette alikuwa amekuya asubuhi kumusuka mama yako mudogo nywele. Yee mwenyewe alionesha kitambaa gani anataka kuvaa. Alikaa mbele ya televizyo tangu saa tatu mpaka saa sita kama mutu anangoja foto. Wakati nilizima mara ya saba, yee mwenyewe alichukua kitambaa na akafunika mashini.

Angalia tena.

Hippolyte


Nchelenge, 15 Aprili 2024

Baba mudogo,

Nimesoma kuhusu nywele mara nyingi kuliko inavyofaa.

Kwangu inafanya kazi, kwenu inakufa, na inakufa bila kulalamika. Kuna tofauti mahali fulani kati ya mashine ninayoiwazia na mashine iliyo mezani kwenu. Naomba uandike mstari huu, hivi hivi, kisha unitumie nambari itakayotokea:

PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733

Kumbukumbu ni kama mtaa wenye nyumba zenye nambari. Mstari huu unaiuliza mashine nyumba yake ya mwisho ni ya ngapi. Ya Baba inapaswa kusema 65535. Ikisema nambari nyingine, tutakuwa tumelipata kosa.

Mwambie mama mudogo asiifunike bado.

Régine


Kilwa, 20 Aprili 2024

Régine,

Imesema 65535.

Mama yako mudogo anakusalimia.

Hippolyte


Nchelenge, 18 Mei 2024

Baba mudogo,

Nimechelewa kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa na jibu. Sina.

Nilifuta kompaila yote nikaiotesha upya. Niliandika programu mara ya pili, tofauti, ili kama kuna mdudu asinifuate. Nilibadilisha sauti, nikaipunguza mwendo. Kadi ya pili na ya tatu, ulizozipokea kupitia Mama Cadette, umeniambia zimekufa vile vile. Kwenye kiigizaji zote mbili ni nzima. Mashine inayosema 65535 haiwezi kufanya hivi. Basi kosa haliko kwenye mashine.

Linabaki kwangu. Nimejitazama vizuri. Nilisomeshwa Kitwe kwa jasho la Baba, nikarudi huku na cheti, watu wa hapa wakaanza kuniletea simu zao mbovu na kuniita injinia, nami sikukataa jina hilo. Sasa imekuja kazi moja ya maana, na ni kama sijui nilichosoma. Ninachokiogopa ni kwamba nilipenda zaidi kuonekana nimemsaidia mama mudogo kuliko kumsaidia. Mtu anayesaidia kweli hamfanyi mtu asukwe nywele kabla hajajua kama kitu kitakubali.

Kwa hiyo nitaacha. Nimeuliza hospitali kuhusu kadi za picha, zile za kuonyesha kwa kidole. Zina picha ya kikombe, ya kitanda, ya choo. Nitamletea Agosti shule zikifungwa.

Mwambie ninaomba msamaha. Yeye atapiga meza unavyojua.

Régine


Kilwa, 22 Mei 2024

Régine mutoto wangu,

Mama Cadette anangoja mu mulango na anachemuka, anasema upepo unaamka. Mi naandika.

Kosa haiko yako. Soma tena: haiko yako.

Mashini ya yaya ilikufwa. Mwaka moja nyuma ya kumuzika, radi iliingia na waya ya antena, ikachoma kila kitu mu tumbo. Nilitengeneza redio za batu miaka makumi tatu, na ile moja nilishindwa. Nilienda Kasenga ku fundi mwenzangu Hénoc. Yee alikuwa na moja ya vile, mwili umevunjika, tumbo muzima. Shiye bafundi tunafanya vile kila siku: unatoa tumbo ya redio moja, unatia mu mwili ya ingine, mwenye redio anafurahi, hakuna mutu anauliza. Nilitia, nikafunga na visi vile vile, skurubu za yaya. Ile tumbo haikuwa ya arobaini na nane. Ilikuwa ya kumi na sita. Niliona na macho yangu na nikanyamaza, juu nilimuahidi yaya. Miaka kenda mi naambia batu: ni ile ile.

Ile siku uliniandikia mustari, ekra ilisema 32767. Nilijua ukiona ile namba utaelewa yote. Ulikuwa umeandika mwenyewe mu barua namba gani unangojea. Basi nilikuandikia ile.

Mama yako mudogo alikuwa anaangalia ekra, na anaangalia kalamu yangu. Yee njo alinishikia taa ile siku nilibadirisha tumbo. Alipiga meza mara moja. Nikaendelea kuandika. Akapiga tena mara moja, na tena, mpaka kikombe kilianguka chini. Nilifunga bahasha. Yee hana sauti ingine, Régine, ana ile ya meza peke, na mi nilikataa kuisikia.

Kiisha barua yako ilikuya, unajitukana. Nilimusomea. Nilisoma yote kwa nguvu, na pale pa cheti na Kitwe nilishindwa. Hakupiga meza.

Hii njo ukweli: kumi na sita. Kama haiwezi kusaidia, ni juu yangu, si juu yako.

Hippolyte


Kilwa, 5 Juni 2024

Mutoto wangu,

Mama Cadette amevuka mara tatu na anarudia mikono mitupu. Nilimuuliza kama uko mugonjwa. Aliniandikia pa kibao: "Hapana. Anatembea haraka." Sikuelewa.

Hippolyte


Nchelenge, 19 Juni 2024

Baba mudogo,

Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na hasira, na sikutaka ivuke ziwa.

Sikuikasirikia radi, wala tumbo la Kasenga. Niliumia, ndiyo; nilikuwa nadhani mle ndani bado kuna kitu ambacho Baba alikifanyia kazi. Lakini kilichonichoma ni wiki nne nilizojichimba mwenyewe huku wewe ukijua. Niliibeba hasira hiyo shuleni, sokoni, kanisani. Kisha, nikisahihisha madaftari ya darasa la kumi, nilijiuliza swali ambalo lingenisaidia mapema: nilipopata nambari isiyowezekana, kwa nini sikuishuku nambari? Nilikuwa nayo mkononi. Nikachagua kujishuku mimi, kwa sababu nimeizoea njia hiyo. Hilo si kosa lako. Hilo ni la kwangu na nitalishughulikia.

Wewe uliniandikia ukweli bila mtu kukushika. Nimekusamehe. Kama mama mudogo naye amekusamehe, utamuuliza mezani.

Sasa kazi. Kompaila, usipoiambia vinginevyo, inaiweka programu kuanzia nyumba nambari 32768. Mtaa wa mashine yako unaishia 32767. Yaani nilikuwa nimemjengea mama mudogo nyumba hatua moja tu ndani ya maji. Mashine ilipokea kila tofali ikaliacha lizame, halafu tukamwambia aingie akae. Ukinipa nambari ya kweli, kuirudisha nyumba ufukweni ni mstari mmoja. Nilicheka peke yangu kwenye chumba cha walimu. Boyd akauliza kama maharagwe yameungua. Nikamwambia hapana, tulikuwa tumeweka sufuria nje ya jiko.

Ila ufukwe wenu ni mwembamba. Ukiondoa ekra na vitu vya mashine yenyewe, inabaki nafasi ya herufi elfu tisa hivi, na programu yangu ilikuwa elfu ishirini na mbili. Nimekuwa nikiikata kwa wiki mbili. Herufi zangu nzuri nimezitupa, natumia zile za mashine nikizikuza mara nne. Mlio umetoka. Mapambo yametoka.

Na maneno yako arobaini yametoka pia. Nafasi yake ingepatikana, nisikudanganye. Lakini niliyasoma upya, baba mudogo, na ni maneno ya mgonjwa, yote, mpaka amina. Mama mudogo ninayemjua aliwahi kumwambia katekista mbele ya watu kwamba mahubiri yake yana mkia mrefu kuliko nyani. Nimemwachia herufi ishirini na sita, nafasi, nukta, na alama ya kufuta. Atachagua mwenyewe.

Nimeweka kiigizaji kwenye kumi na sita. Imekaa. Zimebaki herufi mia moja na kumi.

Jambo moja zaidi. Ulibadilisha tumbo, lakini mwili ni ule ule, na vibonye ni vya mwili. Ni vile vile vilivyobonyezwa na Baba, sivyo? Usinijibu haraka. Vitazame kwanza.

Kama herufi zinapita polepole mno, niambie, nitaongeza mwendo.

Régine


Kilwa, 29 Juni 2024

Mutoto wangu Régine,

Niliviangalia. Nilifungua visi, nikageuza, nikaangalia na taa. Ni vya yaya. Pale chini ya herufi R kuko alama ya kalamu yake nyekundu.

Kadi ilifika siku ya tatu. Siku ile hakuna mutu alisukwa nywele. Sikumwambia mama yako mudogo kitu. Nilimungojea alale kidogo nyuma ya chakula, nikajaribu peke yangu. Buluu na njano ilipita. Ekra ikawa nyeusi, na nikasema mu roho, basi, tena. Kiisha herufi A ikatokea, kubwa kama sahani. Ikaondoka. B ikatokea.

Sikujua kama nimepiga kelele. Pengine nilipiga, juu wakati niligeuka yee alikuwa amesimama mu mulango wa chumba, ameshika ukuta, na hajasimama peke yake tangu Novemba.

Nilimukalisha. Ya kwanza ilimupita. Alingoja mpaka ilizunguka tena. Mukono ulikuwa unatetemeka vile unajua, lakini kibonye kilingoja mpaka mukono umeamua. Ilibaki H. Kiisha I. Mi nilifikiri anaandika jina yangu, nikaanza kulia mbele ya wakati. Aliandika HII NI TAA GANI. Nikageuka. Taa ya meza ilikuwa inafuka moshi, nilikuwa nimeweka kitambaa juu yake.

Tumekaa mbele ya ile ekra siku ine. Kuko mambo ameniambia juu ya ile kikombe kilianguka. Sitaandika hapa, lakini nimesikia.

Alitaka kukuandikia yee mwenyewe. Mi nilinakiri tu, herufi kwa herufi, na alikuwa anaangalia kalamu. Ilichukua siku tatu na nusu. Mi naona uongeze mwendo kidogo, Régine. Kuanzia A mpaka W ni safari ndefu, na yee ana mambo mingi.

Baba yako mudogo,
Hippolyte


Kilwa, 29 Juni 2024

Régine.

Ni miye.

Huyu mwanaume ananivalisha nguo nyuma mbele tangu Novemba. Nimemwambia. Amecheka mpaka amekaa chini.

Kadi ya picha usilete. Miye si mutoto wa chekechea.

Ulikosea pahali moja. Nywele niliita Cadette miye mwenyewe. Nilitaka kuwa muzuri siku ya kusema. Usijipige juu ya kitu nilichagua.

Mwendo usiongeze. Anataka haraka juu anachoka kungoja. Angoje. Anakaa karibu, anaangalia kila herufi, hajui ipi inakuya, hawezi kunikata maneno. Masikio ilikuwa muzima miaka makumi mbili na tano na hakunisikiliza hivi hata siku moja.

Kesho naanza na mwaka wa kwanza wa ndoa.

Fidélie